Ngozi Yangu na Maji ya Dundori

Kabla sijajua harufu ya manukato ya dukani, niliijua harufu ya mafuta ya kukamulia. Ni yale mafuta mazito ya kopo ambayo mfugaji hupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke kwa baridi, na kwetu Dundori, kule juu ya Nakuru, kopo lake lilikaa kwenye dirisha la jikoni kando ya chumvi na kiberiti. Asubuhi mama alirudi kutoka zizini mikono yake ikiwa bado inateleza, akanikuta nimeketi kwenye kigoda karibu na moto, nimekunja mikono ya sweta, nangoja zamu yangu. Alianza na ng'ombe akamalizia na mimi. Kaka zangu walisema kwamba nikipita karibu na zizi ndama hunifuata wakidhani nimebeba kiwele, nami niliwarushia maganda ya viazi, lakini moyoni sikukasirika sana, kwa sababu kweli kuna ndama mmoja aliyekuwa akinifuata. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo popote pale, mabega yangu hushuka yenyewe.

Nilichokuwa nacho huitwa ukurutu. Wengine hukiita pumu ya ngozi. Nyumbani hatukuwa na jina lolote la maana. Tuliita tu "ile kitu ya Njoki", kana kwamba ni mbuzi wangu niliyepewa kufuga. Ilikaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi ikawa ngumu na nyeusi kuliko kwingine, ikawasha, nikaikuna, ikapasuka. Ilikuja ikaondoka, kama jamaa asiyetoa taarifa. Majirani kila mmoja alikuwa na dawa yake. Wa kwanza alisema ni mayai, wa pili akasema ni parachichi, wa tatu akasema damu yangu ni chafu na inatafuta pa kutokea. Mama mmoja wa kanisani alishauri niache maziwa, katika nyumba ambayo maziwa ndiyo yalikuwa chai, mboga na karo ya shule. Mama aliwasikiliza wote, akawashukuru wote, akawafungia viazi vya kwenda navyo, kisha akarudi kwenye kopo lake. Kwa kuwa Dundori kulikuwa na baridi na ukungu, na kila mtu alivaa sweta hadi shingoni, sikuwahi kuiona ngozi yangu kama aibu. Ilikuwa sehemu ya vitu vya nyumbani.

Nilipofika darasa la sita, Tata Wambui, dada yake baba, alikuja kututembelea na habari njema. Alikuwa na nyumba Kiamunyi, ile mitaa iliyokuwa ikichipuka upande wa juu wa mji, na karibu naye kulikuwa na shule nzuri. Mume wake alifanya kazi mbali na watoto hawakujaliwa. Alitaka nikaishi naye. Baba alifurahi mpaka akachinja jogoo. Mama alinunua sanduku la bati akaliandika jina langu kwa rangi nyeupe, na jioni nzima nikamwona akilifungua na kulifunga, akitabasamu peke yake. Yeye mwenyewe shule ilimkatikia njiani, na katika maisha yake hakuwahi kusema jambo hilo kwa uchungu, ila siku ile niliuona uchungu huo umegeuka furaha. Ningesema nini? Sikutaka kwenda. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba sitaki na wa kujua pia kwamba jambo kama hilo halisemwi, basi nikala paja la jogoo.

Tata hakunitesa, na naomba jambo hili lieleweke vizuri, maana watu wakisikia mtoto alikwenda kuishi kwa shangazi huanza kungoja habari za kupigwa na kunyimwa chakula. Mimi nilinyweshwa maziwa ya moto na siagi ya blubendi ikapakwa pande zote mbili za mkate. Nilikuwa na kitanda changu peke yangu, mimi niliyezoea kulala nikisukumwa na visigino vya wengine. Nyumba ilikuwa na vigae vilivyong'aa na vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na haikunuka moshi hata kidogo. Ilikuwa kimya. Shuleni watoto walizungumza Kiingereza haraka haraka kama mvua juu ya mabati, na mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kumwita mtu yeyote asimame asome kwa sauti, bila kukuonya. Kila asubuhi nilikaa nikingoja jina langu. Wakati mwingine lilikuja, wakati mwingine halikuja, na sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi.

Haukupita muda ile kitu ya Njoki ikaja Kiamunyi, na haikuja kama mgeni. Ilihamia na vyombo vyake. Ilitoka mikunjoni ikapanda shingoni, ikashuka kwenye vidole, ikazunguka macho. Usiku nilijikuna usingizini na asubuhi shuka lilikuwa na madoa, nami nikalikunja upande wa ndani Tata asione. Lakini Tata aliona. Alinipeleka hospitalini, tukapewa dawa ya kupaka. Ikatuliza, kisha Jumapili jioni, nilipoanza kupanga vitabu vya kesho, mwili ukawaka upya. Akaondoa mayai. Akabadilisha sabuni. Akafua mapazia. Akamtoa paka wa watu aliyekuwa akija kuomba ngozi za kuku. Wenzangu darasani waliiita upele, wakasema unaambukiza, na baada ya mzazi mmoja kulalamika nikahamishiwa dawati la nyuma, mimi na dirisha. "Wacha kujikuna, mami, utatoka damu," Tata aliniambia kila mara, akinishika mkono kwa upole, nami nilijaribu. Mtu akikuambia uache kujikuna ni kama akikuambia uache kusikia.

Siku moja alikuwa akiosha birika jikoni, akasimama ghafla, akaniita. Ndani ya birika kulikuwa na lile gamba jeupe ambalo kila mtu wa Nakuru analijua. "Ni maji!" alisema, macho yamemtoka. "Njoki, si angalia hii. Na si uangalie meno ya watoto wa huku, vile yamekuwa ya kahawia. Kama maji inaweza kufanyia jino hivyo, ngozi je?" Ilikuwa hoja nzito. Sote tulizaliwa tukijua kwamba maji ya visima vya bondeni huchora meno, na hakuna aliyekuwa amewahi kutuambia yanakoma wapi. Akampigia baba simu, baba akampa mama, na nikaisikia sauti ya mama ikitoka kwenye simu sikioni mwa Tata, ndogo na ya mbali. "Maji tu? Hiyo nayo ni shida gani? Nitatuma."

Ndivyo maji yalivyoanza kusafiri. Chini ya shamba letu la viazi kulikuwa na chemchemi, baridi kiasi cha kuuma meno, na hapo mama alijaza mtungi wa manjano uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia. Aliweka karatasi ya nailoni chini ya kifuniko, akakaza, kisha akaufunga mtungi mzima kwa kitambaa chake cha kichwa, eti usikwaruzwe. Pikapu ya kukusanya maziwa ilipopita na kushuka mjini, mtungi ulipanda katikati ya mikebe ya maziwa. Dereva wake, Kuria, mwanamume wa utani, alifanya kazi hiyo kana kwamba amebeba divai ya meza ya Bwana. "Niaje, msichana wa maji!" aliita akiwa bado langoni. "Mathe amesema usimwage hata tone." Tata alipasha maji kidogo kidogo, akanipimia kwenye karai, na yaliyobaki akayafungia kabatini.

Na maajabu yakatokea. Jioni ya siku ya mtungi mwasho ulipungua. Nililala. Baada ya siku mbili tatu ngozi ilianza kufunga, na ilipokuwa inakaribia kuharibika tena, pikapu ikaja. Tata alitoa ushuhuda kanisani. Jirani mwenye mtoto wa vipele alikuja na kikombe kuomba kidogo, akapewa kidogo kweli. Mimi mwenyewe niliamini, kwa nini nisiamini? Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeliuliza nami sikulisema. Kuria akishaondoka, kabla Tata hajaja na sufuria, nilifungua kile kitambaa na kukiweka usoni. Kilikuwa na moshi wa jikoni kwetu, na jasho la mama, na kwa mbali mafuta ya kukamulia. Nilikaa nacho hapo chini ya ngazi ya nyuma mpaka niitwe.

Kisha mvua za masika zikashuka. Anayeijua Dundori anajua kwamba mvua ikinyesha barabara zake huwa uji, na hata trekta huomba msamaha. Pikapu ilikwama, maziwa yakamwagwa mashambani, na mtungi haukuja wiki ile wala iliyofuata. Mwili wangu ulihesabu kabla yangu. Shingo ilipasuka nikawa siwezi kugeuka, vidole vikavimba nisishike kalamu, na mwalimu akachagua wakati huo huo kutangaza kwamba kila mmoja wetu atasimama mbele ya wazazi siku ya kufunga shule na kusoma insha yake. Tata alinyunyiza matone ya mwisho ya Dundori kwenye karai kama mtu anayetia chumvi. Hatimaye akapiga simu, na safari hii alikuwa analia. "Mama Njoki, mtoto anaisha mikononi mwangu."

Mama hakuwa amewahi kuja Kiamunyi. Ng'ombe hawana likizo, na viazi visipochimbwa kwa wakati huoza. Siku hiyo alikuja. Alisimama mlangoni pa vigae na gambuti za mpira zenye tope hadi magotini, akakataa kuingia mpaka azivue, na mkononi alikuwa na mtungi wa manjano uliopasuka ubavu, mtupu, umefungwa kitambaa vilevile. Alikuwa ameubeba mgongoni tangu chemchemini akielekea barabara ya lami, akateleza penye kivuko cha kijito. Sijui kwa nini hakuuacha palepale. Tata aliutazama ule mtungi akashika kichwa. "Sasa tutamwogesha na nini, Mama Njoki?"

Mama alinitazama. Hakushtuka kama wengine walivyoshtuka. "Si kuna maji hapa?" alisema.

Akafungua mfereji, akachanganya maji ya moto na ya baridi akipima kwa kiwiko, akaniketisha kwenye karai kama mtoto mchanga, mimi wa darasa la sita, na magoti yangu yakanigusa kidevu. Tata alisimama mlangoni na taulo. Mama hakunisugua. Alinimwagia maji kwa kiganja, taratibu, huku akinipa habari: kwamba ng'ombe wetu mweusi amezaa jike, kwamba kaka zangu wameunguza sufuria nzuri, kwamba yule ndama wangu wa kunifuata siku hizi hamfuati mtu, anasimama langoni tu. Alinikausha kwa kunigusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu akatoa lile kopo kifuani mwa sweta yake. Chumba kikajaa harufu. Nilianza kulia pasipo kujua nilikuwa nimepanga kulia, na sikuacha mpaka aliponivika nguo. Usiku huo alilala kitandani mwangu, visigino na yote, nami nikalala mpaka jua likaingia.

Alikaa nasi siku chache, viazi vikimngoja huko juu, na kila jioni aliniogesha kwa maji yaleyale yanayochora meno. Shingo ikalainika, vidole vikafunguka. Asubuhi moja tulikuwa tunaanika nguo nyuma ya nyumba, akaniuliza bila kunitazama, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni, "Njoki, hapa unalalanga vizuri?" Nikasema ndiyo. Akabana soksi moja, akabana nyingine. "Na ukifikiria nyumbani, inakuwasha wapi?" Nilijaribu kucheka, ikashindikana. Mama hakuuliza tena. Mimi nilidhani nimeificha siri yangu vizuri, kumbe kwa miezi yote nilikuwa nimeiandika shingoni ambapo hata mpita njia angeisoma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Jioni ile mama na Tata walikaa jikoni wakichambua sukuma wiki, nami nilikuwa mezani na vitabu. Nilimsikia mama akikohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya jambo gumu. "Mama wa hapa," alisema, kwa heshima anayompa wifi yake, "huyu mtoto, maji ya huku imemkataa. Wacha nirudi naye. Sitaki nikusumbue na mitungi kila saa." Nikangoja. Tata alikuwa ameniona nikipona kwa maji ya mfereji wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeshika taulo. Angeweza kuuliza swali moja tu na kila kitu kingemwagika: kwamba nyumba yake nzuri ilikuwa imenishinda, kwamba mapenzi yake hayakutosha. Kisu chake kilisimama juu ya majani. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Ni haya maji. Sisi wakubwa tumezoea, lakini mtoto..." Mama akasema, "Mtoto ni mtoto." Wakaendelea kuchambua. Baadaye Tata alinifungia sanduku langu la bati yeye mwenyewe, akaweka ndani blubendi nzima, na machozi yakamtoka wazi bila kuyafuta. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote nilizokaa naye. Hadi leo, amezeeka na anatembea na fimbo, mtu akimuuliza kwa nini Njoki hakusomea kwake, hujibu mara moja kwamba ni maji.

Nilirudi shule yetu ya mbao, na ukurutu haukuisha. Ningependa kusema uliisha, lakini haukuisha. Ulijikunja ukarudi kwenye viwiko na magoti, ukawa mbuzi wangu tena. Ulitoka kunisalimu kabla ya mtihani wa darasa la nane, ukaja wiki baba alipougua, ukahudhuria arusi yangu mapema kuliko wageni. Nilipokuwa mtu mzima daktari wa ngozi mjini alinieleza kwamba ndivyo ulivyo: ngozi ya namna hii huzaliwa nayo mtu, wasiwasi hauileti, ila wasiwasi huichochea; ukihangaika inawasha, ukijikuna hulali, usipolala unahangaika zaidi, na gurudumu linazunguka. Aliniandikia dawa ninazozitumia mpaka leo, na zinafanya kazi, asije mtu akasema nimeandika ili watu waache hospitali. Akaniuliza kama nina msongo wa mawazo. Nilicheka, nikamwambia nyumbani tulikuwa na kipimo cha msongo, cha manjano, lita ishirini.

Siku hizi mimi mwenyewe ninaishi Kiamunyi. Mahindi niliyoyaona kutoka dirisha la Tata yamekuwa maghorofa, na mwanangu wa pili, Wairimu, aliyepewa jina la mama yangu, anasoma shule ya bweni upande wa Keringet, kwenye baridi kama ile iliyonilea. Ngozi alirithi kwangu. Watoto wa sasa wana maneno ambayo sisi hatukuwa nayo. Neno stress liko midomoni mwao kama peremende, na wanaweza kulisema siku nzima wasiseme kinachowauma. Muhula uliopita mlezi wa bweni alinipigia, akasema msichana amepasuka shingo na dawa anapaka. Niliomba ruhusa kazini, lakini kabla ya kushika njia ya Keringet nilipanda kwanza Dundori kumwambia mama, ambaye watoto wangu humwita Shosho. Hakuuliza mengi. Alichukua fimbo yake, akateremka mwenyewe hadi chemchemini akikataa nimsaidie, na aliporudi mtungi ulikuwa na karatasi ya nailoni chini ya kifuniko na kitambaa cha kichwa kimezungushwa, kimekazwa.

Wairimu alinipokea kwenye benchi la wageni, sweta imevutwa hadi kwenye kidevu. Alipouona mtungi alicheka kwa mara ya kwanza. "Mum, kwani hapa hakuna maji? Bado Shosho anaamini ni maji?"

Nilifungua kitambaa nikampa akishike. "Shosho hajawahi kuamini ni maji," nilisema.

Alikishika mapajani. Kisha, taratibu, kama mtu anayetazama kama kuna anayemwona, akakipeleka usoni, akabaki hivyo. Nami nikasogea karibu, nikamuuliza inawasha wapi.